Mama Hapumziki Njiani

Soko huria lilipopamba moto, Lushoto mjini palijaa wauzaji wa tiba kama walivyojaa wauzaji wa nyanya. Zamani tulijua njia mbili tu: hospitali ya serikali, au hospitali ya misheni kwa mwenye nauli na subira. Ghafla kila chumba kilichopakwa chokaa kikawa zahanati ya mtu binafsi, maduka ya dawa yakachipua kuzunguka stendi, na mtu wa mitishamba akatundika kibao chenye maandishi ya rangi, jambo ambalo babu yake asingethubutu kulifanya. Tukaambiwa sasa tuna uhuru wa kuchagua. Nyanya ukiishika unajua kama imeiva. Tiba nilikuwa sijui mtu anaichagua kwa kipimo gani, na mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu anayetegemewa kujua.

Aliyenitia katika mkanganyiko huo alikuwa mama. Tangu nikiwa mdogo alikuwa na rovu, uvimbe wa tezi shingoni, dogo, la kufunikwa na ncha ya khanga. Kwenye milima yetu rovu halikuwa habari. Wanawake wengi walikuwa nalo kiasi kwamba nilipokuwa mtoto nilidhani ni kitu kinachokuja na ndoa, kama vyombo na mikeka. Lakini mwaka ule lilianza kukua. Khanga haikutosha tena kulificha. Mama akaanza kulala ameegemea gunia la mabua, akisema ukuta wa chumba chake una baridi, na mimi nikaamini habari za ukuta.

Nilimpeleka zahanati moja karibu na stendi, wakasema ni presha. Duka la dawa wakasema damu imepungua, wakatupa chupa ya dawa nyekundu yenye utamu wa kuchefua. Wa mitishamba alilitazama rovu kwa mbali, akasema limekaa vibaya, halafu akauliza tunatoka ukoo gani. Nilitoka kila mahali nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Mimi si mtu wa subira, wanafunzi wangu wote ni mashahidi, na nilianza kuwajibu watu hovyo hata sokoni.

Mama mwenyewe alikuwa na sharti moja. Tulibaki watoto wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa akiuza mboga zetu Dar es Salaam. Baba alishafariki. Mama akasema, "Nyie wawili mkae, mnipe neno moja. Mkisema niende nikatibiwe mbali, nitakwenda. Mkisema nikae, nitakaa. Lakini maneno mawili siyataki nyumbani kwangu." Niliona ni ukaidi wa uzee tu, kutafuta sababu ya kutotoka bustanini.

Mdogo wangu ndiye aliyeniletea habari ya intaneti. Nilimpigia kutoka kibanda cha simu, nikamlalamikia zahanati, duka la dawa na mtu wa mitishamba wote kwa pumzi moja. Akacheka. "Dada, acha kuzunguka. Huku siku hizi watu wanaingia kwenye kompyuta, wanaandika wanavyojisikia, inawaambia wana nini na waende wapi. Hata hapo Lushoto lazima ipo."

Ilikuwepo kweli. Ilikuwa kwenye chumba nyuma ya duka la vitambaa, kompyuta chache zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kama redio za wakwe. Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu wa ofisi za serikali, mwenye miwani na sweta, aliyefundishwa na mwanawe namna ya kuwasha mashine na basi. Yaliyobaki aliyapata kwa kuchungulia juu ya mabega ya wateja. Ukiandika barua, anaisoma. Ukisoma matokeo ya mtihani, anakupongeza kabla hujafika kwenye jina lako. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida yangu, naye akavuta kiti akakaa kando yangu kama daktari msaidizi.

Tulihangaika mpaka tukaupata ukurasa wenyewe. Ulikuwa wa Kiingereza, na juu yake paliandikwa maneno ya kumwambia mgonjwa kwamba hapo atasaidiwa kufanya uamuzi wenye maarifa. Maneno hayo yalinifurahisha sana. Kisha yakaja maswali. Umri wa mgonjwa? Hulala na mito mingapi? Je, hulazimika kupumzika anapopanda ngazi au kilima? Je, humeza chakula kwa shida? Nikayaandika yote kwenye kipande cha karatasi, nikapanda nayo nyumbani.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kumhoji mama si kazi ndogo. Kwetu mtoto hamhoji mama yake. Unamwamkia, unasubiri, na akipenda anasema. Nilimkuta jikoni anamenya maharage, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kuuliza nikiwa natazama sufuria.

"Mama, una miaka mingapi?"

"Unaitakia nini? Unataka kuniposa?"

"Mashine inauliza."

"Iambie nilizaliwa mvua ikinyesha."

Mashine haikukubali mvua wala kuachiwa nafasi tupu, na hatimaye niliandika umri niliouona unamfaa. Kuhusu mito, alijibu haraka kwamba ana mto mmoja tu, na lilikuwa jibu la kweli, kwa sababu gunia si mto. Nilipofika kwenye swali la kupumzika akaacha hata kumenya.

"Mimi? Nipumzike njiani kama mzigo?"

Jirani yetu aliyekuwa anapita uani akasikia, akadakia bila kualikwa, "Mama yako apumzike? Huyo hajapata kupumzika tangu nimjue." Na ilikuwa hivyo. Bustani yetu ya kabichi ilikuwa bondeni kabisa kando ya kijito, nyumba juu, na kati yake palikuwa na kilima kinachomtoa mtu jasho hata wakati wa ukungu. Wageni kutoka tambarare walikuwa wakikaa chini katikati ya njia wakiomba maji. Mama hakukaa chini hata siku moja. Nikaandika: hapana, hapumziki.

Nikarudi mjini, nikajaza majibu. Mashine ikafikiri kwa muda mrefu, umeme ukakatika, ukarudi, tukaanza upya. Mwishowe ikatoa maandishi ya kijani. Yalisema hakuna dalili ya haraka, mgonjwa amwone daktari wake kwa wakati unaomfaa. Mzee wa intaneti akapiga paja lake. "Kijani, Mwalimu. Mama mzima." Akatoka kwenda kuwatangazia wa duka la vitambaa. Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshaipata habari kutoka kwa mtu aliyetangulia na basi dogo, na alikuwa anaimba.

Furaha hiyo haikudumu. Mdogo wangu naye alikuwa ameingia kwenye ukurasa huohuo kule Dar, akajaza kwa kumbukumbu zake. Yeye aliandika umri aliodhani mwenyewe, akajibu kwamba mama humeza kwa shida kwa sababu alimwona akipaliwa wakati wa Idi. Yake ikatoka njano. Mgonjwa aonane na daktari karibuni. Tukabishana kwenye simu, kila mtu anatetea rangi yake, mpaka mwenye kibanda akaniambia nipunguze sauti. Nilikasirika nikamwambia mdogo wangu kwamba mama huyu anayemjaza kwenye mashine simjui. Akanijibu kwamba na yeye wa kwangu hamjui.

Mama akauliza tu, "Mmeniletea neno moja?"

"Bado," nikasema.

Jumamosi moja nikashuka naye bondeni kukata kabichi. Tulimaliza mapema, tukajitwika, tukaanza kupanda. Nilikuwa na madaftari ya wanafunzi yananisubiri nyumbani, na nilitaka tufike upesi. Lakini kupanda na mama ni kupanda na salamu. Nyumba ya kwanza akasimama kwenye ua, akatamka "Onga mshi", salamu yetu ya Kisambaa, mwenye nyumba akaitikia, akaulizwa habari za ng'ombe aliyezaa. Habari za ng'ombe zikaelezwa zote, tangu usiku wa kuzaa mpaka bei ya maziwa. Tukaenda. Nyumba ya pili akauliza mahindi. Nyumba ya tatu akauliza mtoto anayesoma Kifungilo. Mimi nimesimama na mzigo kichwani, shingo inaniuma, nakasirika kimyakimya, kwa sababu adabu ni adabu na huwezi kumwambia mama aache kusalimia watu.

Nilikuwa nimezoea kuona hivyo bila kuona. Siku ile, labda kwa sababu ya hasira, niliangalia. Mama yangu alikuwa msemaji maarufu kitongojini, mtu wa hadithi ndefu. Sasa alikuwa anauliza swali fupi, halafu anamwacha mwenzake aongee. Aliuliza maswali yenye majibu marefu. Na kila aliposimama, mkono mmoja ulishika kitu, nguzo, mti, ukingo wa ukuta.

Juu ya nyumba ya tatu palikuwa na nyumba ya watu waliohamia Korogwe. Mlango ulikuwa na kufuli, majani yamejaa uani, hata kuku hakuna. Mama akasimama hapo. Akaushika uzio.

"Hodi," akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya. Akangoja kidogo.

"Hodi wenyewe."

"Mama, hawa walihama," nikasema.

"Najua."

"Sasa unampigia nani hodi?"

Nikasikia pumzi yake, inavuta na kukwama kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Mama, umechoka?"

"Sijachoka," akasema. "Nasalimia."

Nikataka kuupokea mzigo wake, akakataa, nikauchukua kwa nguvu. Sehemu iliyobaki ya kilima haikuwa na nyumba, na hapo alitembea taratibu sana akitazama chini, akidai anatafuta uyoga. Haukuwa msimu wa uyoga.

Jumatatu baada ya shule nilikwenda moja kwa moja kwa mzee wa intaneti. Nikajaza upya. Nikabadilisha jibu la kupumzika, na kwenye mito nikahesabu gunia. Mashine ikatoa maandishi mekundu, na makubwa. Ilisema mgonjwa huyu asingoje, atafute huduma leo. Mzee akayasoma juu ya bega langu, na kwa mara ya kwanza hakutangaza kitu. Akavua miwani, akaifuta kwa sweta.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "rudisha yale majibu ya kwanza. Yale yalileta matokeo mazuri."

Hakuwa anatania. Alikuwa anatutakia mema kwa moyo wake wote. Na nakumbuka mkono wangu ulikwenda kwenye kile kidude cha kubonyeza, kwa sababu kwa dakika moja hata mimi niliona ndiyo njia. Mama alikuwa yuleyule, anamenya maharage yaleyale, na kwa jibu moja alitoka kuwa mzima akawa mtu wa kukimbizwa. Sikuelewa ni mama yupi niliyekuwa naye. Nikaondoka bila kuzima.

Kesho yake nilimpeleka mama hospitali moja ya huko milimani yenye daktari anayesifiwa. Daktari alikuwa mwanamume mpole, mgeni wa kwetu, mtu wa kanda ya ziwa. Alilipapasa rovu, akasikiliza kifua, kisha akauliza lile swali lilelile.

"Mama, ukipanda kilima unapumzika?"

"Sipumziki," mama akasema, amekaa wima.

Daktari akaanza kuandika. Nikajua akishaandika basi. Kumkanusha mama mbele ya mgeni ni jambo ambalo sikuwahi kulifanya wala kuona likifanywa, na nilitamani mtu mwingine awe kwenye kile chumba alifanye.

"Anasalimia sana, Daktari," nikasema.

Akanitazama. "Kusalimia si ugonjwa, Mwalimu."

Ikabidi nimweleze. Nikamweleza ng'ombe, mahindi, mtoto wa Kifungilo, na nyumba yenye kufuli. Nilisema nikitazama sakafu. Mama hakuniingilia, ila alivuta ushungi wake mbele kana kwamba nilikuwa nimemvua hadharani. Daktari akaiweka kalamu chini. Akamwomba mama alale chali kitandani, bila mto. Mama akalala, na kabla hata hajatulia akainuka akikohoa, anatafuta hewa.

Basi tukaelezwa. Rovu lilikuwa limekua kuelekea ndani, linabana njia ya pumzi. Lingeweza kutolewa kwa upasuaji kwenye hospitali kubwa, kule tambarare. Lakini upasuaji wa hapo shingoni una hatari zake, na mojawapo ni sauti. Huenda ikaharibika, huenda isirudi. Au tungeweza kungoja, tukatumia vidonge na kuliangalia, ila njia ya pumzi ingeendelea kubanwa na yeye hakuweza kusema mpaka lini. Kisha akasema ile kauli ya miaka ile, iliyokuwa inasemwa benki, shuleni, kila mahali: "Uamuzi ni wenu."

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitoka nyumbani ili mtu aniambie la kufanya.

Mdogo wangu alipopata habari hakuchelewa. "Akatwe. Tusicheze na pumzi." Na mimi, mtu yuleyule niliyeigundua pumzi hiyo, ndiye niliyeogopa kisu. Nilikuwa nimerudi kwenye intaneti na kusoma kuhusu damu, dawa ya usingizi, na watu walioamka bila sauti. Kila ukurasa uliniongezea woga na kunipunguzia akili. Nilisema tungoje. Nilisema kwa ukali, kama mtu mwenye uhakika, na uhakika wenyewe sikuwa nao.

Mzee wa intaneti ndiye aliyenionyesha ukurasa mwingine, wa kumsaidia mtu aliyekwama kati ya mambo mawili. Huo haukuuliza dalili. Uliuliza: kwa mgonjwa, lipi ni muhimu zaidi? Kuishi muda mrefu, kutokuwa na maumivu, kubaki na sauti, kubaki nyumbani, muonekano. Kila moja ulitakiwa kulipa uzito wake. Nikaweka kidole kwenye sauti, nikakitoa. Nikakiweka kwenye kubaki nyumbani, nikakitoa. Mzee akashauri tuweke katikati kila mahali, mashine isije ikakasirika. Nilikuwa nimemuuliza mama mito, nikamuuliza vilima, na jambo hilo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nilimuuliza jioni ile, tukiwa tumekaa kizingitini. Nikamtafsiria yote, moja baada ya jingine. Alisikiliza kwa makini, kama anasomewa wosia.

"Langu halimo," akasema.

"Lako ni lipi?"

Akanikumbusha kufa kwa baba. Nilikuwa msichana wakati huo, na nilijua kwa juujuu tu. Ndugu wawili wa baba walivutana: mmoja alitaka apelekwe hospitali, mwingine alitaka aachwe alale. Yule wa kwanza akashinda, baba akabebwa, akafia njiani kabla ya kufika Soni. "Tangu siku ile zile nyumba mbili hazijanywa chai pamoja," mama akasema. "Mmoja anasema mwenzake alimuua. Mwingine anasema angesikilizwa mapema angepona. Watoto wao wanapishana sokoni kama wageni. Mimi kufa nitakufa, leo au siku nyingine. Nataka wewe na mdogo wako mle sahani moja."

Ndiyo maana alitaka neno moja. Nilijisikia vibaya na nikajisikia kupendwa, yote kwa wakati mmoja. Kwenye ule ukurasa hapakuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Lakini kujua hakukutupatia neno. Mdogo wangu akapanda na lori lililokuja kuchukua karoti, tukakaa sebuleni alasiri nzima, yeye na pumzi yake, mimi na sauti yangu. Alikuwa na karatasi alizochapisha Dar, mimi nilikuwa na zangu, na zote zilikuwa kweli. Hakuna aliyemtukana mwenzake, ila tuliacha kutazamana. Mama alituletea chai, akaziona karatasi, akatoka.

Asubuhi aliniita nyuma ya nyumba alikokuwa anamwagilia miche.

"Mdogo wako amekubaliana na wewe," akasema. "Anasema nikae, tungoje. Kwa hiyo neno ni moja."

Nilishusha pumzi.

"Lakini mimi nakwenda," akaendelea. "Nimechoka na shingo hii. Mmenishauri vizuri wote wawili, na mimi nimekataa ushauri wenu. Usimwambie kitu, amehangaika vya kutosha."

Nilishangaa, nikakasirika, nikafarijika, na sikuweza kupanga kipi kilitangulia. Alidai neno moja miezi yote ile, na alipolipata akalitupa. Nilipomwona mdogo wangu anafunga begi la mama, nilimhurumia. Nikafikiri, masikini, amekubali niliyosema na bado mama anakwenda. Nikamwambia, "Pole." Akanitazama kwa macho ya huruma kubwa, akaniambia, "Pole na wewe, dada." Safari nzima ya kushuka mlima tulihudumiana kama watu waliofiwa. Yeye ananinunulia machungwa, mimi namfunika shuka.

Mama alipasuliwa, akaamka. Pumzi ilipita bila kukwama, akalala chali kama mtoto. Sauti ilirudi nusu, yenye mikwaruzo, na nusu ile nyingine haikurudi kamwe. Hakuweza tena kuita mtu ng'ambo ya bonde. Alilalamika kuhusu hilo kwa wiki kadhaa, kisha akaanza kurusha vijiwe kwenye bati la jirani alipomhitaji.

Msimu wa mapeasi uliofuata, mdogo wangu alikuja kuchukua mzigo. Tulikuwa tunapanga matunda kwenye matenga, tumeketi sakafuni, kiungwana kabisa, tunatupa yaliyooza pembeni. Nikasema, bila kufikiri sana, kwamba namshukuru Mungu mama hakutusikiliza mimi na yeye.

"Mimi na wewe?" akasema.

"Si tulisema akae?"

Akaacha peasi mkononi. "Dada, mimi sijawahi kusema akae. Mama aliniambia wewe ndiye uliyebadilika. Alisema umekubaliana na mimi, kwamba aende, ila unaona haya kurudi nyuma, nisikuguse kwenye hilo."

Tulitazamana. Nikataka kumwambia kwamba sijabadilika, kwamba sikusema hivyo kamwe, na nikaona kwenye uso wake kwamba ameshaelewa kabla yangu. Kama mama angefia kwenye meza ya upasuaji, mimi ningerudi nyumbani nikijua kwamba mdogo wangu hakumpeleka. Yeye angerudi akijua kwamba mimi nilikubali aende. Tungemzika bila kunyoosheana kidole, na lawama yote angeondoka nayo mama. Alitaka neno letu, hakulipata, akatutengenezea kila mtu la kwake, akaenda kulala chini ya kisu akiwa hana neno la mtu ila lake mwenyewe.

Nililia pale juu ya mapeasi, na mdogo wangu akalia, tena kwa sauti kama mtoto. Na mama, aliyetufanya tulie, alikuwa mzima pale uani, anafukuza kuku wa jirani kwa sauti ile iliyobaki.